Gari Lililokunywa Maji Kila Asubuhi

Kwa muda wa miezi mitano nilikuwa na desturi ambayo nikiikumbuka leo hunitia aibu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilifungua boneti ya gari letu, gari dogo la Kijapani tulilolinunua likiwa limekwisha tumika, nikamimina ndani ya rejeta maji ya kisima yapatayo chupa mbili, nikafunga, nikaondoka. Mke wangu, ambaye ni koplo wa polisi, alinitazama siku moja akiwa mlangoni pa nyumba yetu kambini, akauliza, "Baba watoto, hayo maji huenda wapi?" Nikamjibu kwamba gari kuukuu ni kama ng'ombe mzee, hunywa sana. Aliguna, akaenda kupiga pasi sare yake.

Swali lake lilijibiwa barabarani. Alikuwa amepata uhamisho kutoka Kampala kwenda Kabale, naye alitakiwa kuripoti Jumatatu asubuhi. Ninyi mnaoishi kambini hamna haja ya kuelezwa maana ya kuchelewa siku ya kwanza mbele ya mkuu mpya. Tuliondoka Jumapili pamoja na binti yetu wa miaka sita, magodoro yamefungwa juu ya gari na vyombo vimejaa nyuma. Safari hiyo ni ya kilomita zaidi ya 400. Mpaka Mbarara hatukupata taabu, na hapo nikajaza maji kama kawaida yangu. Lakini karibu na Muhanga, mahali barabara inapopanda vilima vya Kigezi, mshale wa joto uliacha katikati ukaanza kuelekea alama nyekundu. Mke wangu aliuona kabla yangu. "Simama," alisema. Nami nikasema, "Tufike kwanza juu ya kilima."

Kilima hicho kilinigharimu karibu mishahara ya miezi miwili. Laiti ningesimama pale pale, au angalau ningezima kipoza hewa na kufungulia hita hadi mwisho ili joto lipungue injinini wakati natafuta mahali pa kuegesha, huenda tungalisalimika. Tulipofika juu, mvuke ulikuwa ukitoka pande zote za boneti. Nikazima injini, nikashuka, nikachukua kitambaa, nikafungua mfuniko wa rejeta.

Ndugu msomaji, mimi kabla ya kuajiriwa ofisini nilipata cheti cha ualimu. Nimesimama mbele ya watoto nikawaeleza kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 pale usawa wa bahari, na kwamba kadiri unavyopanda juu, kanieneo ya hewa hupungua na maji huchemka mapema zaidi. Kampala, iliyo kwenye mita zipatazo 1,200, huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Kabale kwa nyuzi 94 hivi, na ndiyo sababu mama wa nyumbani aliyehamia huko huona maharagwe yake hayaivi upesi. Mfuniko wa rejeta umewekewa springi na mpira ili uyazuie maji yasichemke mapema namna hiyo. Ukiwa mzima, maji ya ndani huweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukiufungua ghafula, kanieneo huondoka, na maji hayo hugeuka mvuke kwa kishindo. Niliyajua hayo yote. Nikafungua.

Yaliruka yakanimwagikia mkono wa kulia kutoka kiganja hadi kiwiko. Mke wangu alimsukuma mtoto nyuma, akachukua dumu la maji safi nililokuwa nimelipakia kwa ajili ya injini, akayamimina polepole juu ya mkono wangu kwa muda wa dakika kama ishirini. Mpita njia mmoja mwenye moyo mwema alileta dawa ya meno anipake. Mke wangu akamshukuru na kuikataa, kwa kuwa dawa hiyo huzuia joto lisitoke na huchafua kidonda. Dumu lilipokwisha, hapakuwa na maji ya injini, na hilo lilikuwa bahati. Maji baridi yakimiminwa ndani ya injini iliyokauka na kuwaka moto yaweza kuipasua. Yafaa kungoja ipoe kabisa, hata kama ni zaidi ya saa nzima.

Jioni lilipita lori tupu lililokuwa likirudi Kabale kupakia viazi. Nilimwomba mke wangu aende na mtoto. Hakutaka kuniacha na mkono ule. Tulibishana kidogo, kisha akapanda, sare yake ikiwa imekunjwa juu ya mapaja. Mimi nililala ndani ya gari. Asubuhi alinipigia simu kusema amekwisha ripoti, na kuniuliza kama nimeonana na mganga.

Fundi wa Kabale alikuta silinda hedi imepinda na gasketi imeungua. Aliichonga, akaweka gasketi mpya, gari likawaka. Nilidhani mambo yamekwisha, mpaka jirani yetu mpya, mzee aliyestaafu jeshini ambako alikuwa dereva na makanika, alipouona mkono wangu na kusikia habari yangu. "Mwalimu," akasema, "umetibu kidonda, ugonjwa bado unao."

Jumamosi iliyofuata alikuja saa moja asubuhi, injini ikiwa baridi, kwani hakubali kugusa rejeta yenye joto. Usiku aliniamuru nitandike boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Juu ya boksi tukakuta matone mekundu ya kutu, tena si chini ya rejeta bali upande wa mkanda wa feni. Akamulika kwa tochi, akanionyesha michirizi iliyokauka chini ya pampu ya maji. Pampu ina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi: mpira wa ndani ukichoka, maji hutokea hapo ili mwenye gari aonywe. Kumbe lile jibu la swali la mke wangu lilikuwa limeandikwa pale miezi yote mitano.

Hakuishia hapo. Aliuminya mkanda kuona kama umelegea, akaibonyeza mipira ya maji kutafuta iliyolainika kama ndizi mbivu, akaondoa mbegu za nyasi na wadudu waliokuwa wameziba mapezi ya rejeta. Alichomoa kijiti cha oili akatazama kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia humo kupitia gasketi, ilikuwa safi. Mpira wa mfuniko wa rejeta ulikuwa umepasuka, haukuweza kushika kanieneo yoyote.

Ajabu kubwa ilikuwa thamostati. Haikuwepo. Zamani fundi mmoja wa gereji ya mtaani aliniambia kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi, huku kwetu huzuia maji tu, nami nikamruhusu akitoe na nikamshukuru. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Thamostati, alinieleza, ni mlango unaofungwa ili injini ipate moto wa kiasi chake, kisha hufunguka. Bila hiyo injini hukaa baridi muda mrefu, hula mafuta na kuchakaa. Tena katika injini nyingine thamostati hiyo hiyo hufunga njia ya mkato, na ikiondolewa maji mengi hupita mkatoni yakazunguka bila kufika kwenye rejeta. Gari langu lilikuwa la namna hiyo.

Tulinunua mpya, yenye namba 82 iliyochorwa juu yake. Mzee hakuiamini kwa sababu tu ilikuwa mpya. Aliomba sufuria jikoni, akaitia maji, akaining'iniza thamostati kwa uzi bila kugusa chini, akawasha jiko. Mimi, mke wangu na binti yetu tulisimama tukitazama. Maji yalipoanza kutoa vipovu vidogo pembeni, ule mlango ulifunguka polepole, na mtoto akapiga makofi.

Tulijaza dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi badala ya maji ya kisima yaliyokuwa yakilisha kutu. Mzee alituonya juu ya jambo moja ambalo nawaomba kina mama na kina baba walishike: dawa hiyo ina utamu, na ni sumu kwa mtoto na kwa mbwa. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda, na iliyomwagika isafishwe mara moja. Thamostati ya zamani tunapoipima, maji yake huchanganyika na dawa hiyo. Kwa hiyo mke wangu alichukua rangi nyekundu, akachora msalaba ubavuni mwa ile sufuria, akaitoa jikoni akaitundika kibandani karibu na jeki.