Mikono Iliyoshika Gita

Gita la umeme lina cheti chake cha kuzaliwa, ila limekificha mwilini. Ukivua shingo ya gita la Fender la miaka ya 1950, mara nyingi utakuta pale mwishoni tarehe iliyoandikwa kwa penseli, pengine na herufi za aliyeichonga. Ukikuta TG, basi umeshika kazi ya Tadeo Gomez, mchonga shingo wa kiwanda cha Fullerton, California. Wakusanyaji wa magita ya zamani huziheshimu herufi hizo mbili kama saini ya gavana kwenye noti. Wanamtukuza pia Abigail Ybarra, aliyeanza kazi hapo mwaka 1956, akisokota waya kwenye zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, ambazo wanamuziki huziita pikapu.

Mambo haya sikujifunza kwa anasa. Mjomba wangu alipiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Enzi zile bendi nyingi zilikuwa za mashirika na jumuiya, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake tu. Bendi ya Mjomba ilipokufa, alikuwa anadai mishahara ya miezi saba. Akapewa gita, yakaisha. Sasa kiharusi kimemshika mkono wa kushoto, na dawa ni za kila mwezi. Ndipo akaja dalali mmoja, akasema kuna Mzungu ananunua magita ya zamani. "Lakini liwe la asili," akasisitiza.

Basi tukalifungua mezani, Mjomba na mimi. Ni Stratocaster. Bamba la chuma linaloshika shingo lina herufi F, na skrubu ni tatu badala ya nne. Hapo tu unajua si la kabla ya 1971, kwa maana skrubu tatu zilianza mwaka huo. Chini ya kitufe cha sauti kuna kifaa kilichogongwa namba 1377411. Hiyo 137 ni kampuni ya CTS, 74 ni mwaka 1974, na 11 ni wiki ya kumi na moja. Lehemu yake haijawahi kuguswa, kwa hiyo gita haliwezi kuwa limezaliwa kabla ya kifaa hicho. Mwaka 1974! Roho iliniruka.

Dalali akapiga picha, akazituma. Jibu likaja kabla chai haijapoa: rangi si yake, pikapu ya kati imesokotwa upya, na kile kijipande cha kichwani kinachopitisha nyuzi ni pembe ya ng'ombe. Bei ikakatwa zaidi ya nusu.

Mjomba alicheka. "Hiyo bluu ni rangi ya gari, tulipaka gereji Ilala siku tatu kabla ya safari ya Mwanza. Pikapu ilikufa tukiwa ukumbini. Fundi redio wa Mtaa wa Kongo akaisokota usiku kucha, kwa waya wa transfoma mbovu. Spea ingetoka wapi, mwanangu?"

"Fundi huyo nani, Mjomba?"

Akanyamaza kitambo. "Tulimwita Fundi tu."

Jamani, hapo ndipo paliponiuma. Gomez na fundi wa Mtaa wa Kongo wana tofauti gani? Wote walikuwa watu wa kazi ya mikono. Mmoja aliacha herufi mbili, mwingine hakuna aliyemwandika. Basi kazi ya wa kwanza ni hazina, ya wa pili ni kasoro. Na msiniambie ukarabati peke yake ndio unaoua thamani. Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd, aliyoinunua New York mwaka 1970, ilibadilishwa shingo, ikabadilishwa pikapu, ikatobolewa. Mwaka 2019 ikauzwa mnadani kwa dola 3,975,000. Umaarufu wake ndio sababu ya kwanza, sikatai. Lakini pia kiliandikwa kitabu kizima juu ya gita lile, badiliko kwa badiliko.

Mjomba aliikataa ile bei. Siku hizi gita linakodiwa Ijumaa na Jumamosi na kijana anayepiga hotelini. Jumatatu analeta hela, dawa zinanunuliwa. Mwezi mwingine hazitoshi, tunachangishana. Mimi nimenunua daftari. Jioni nakaa na Mjomba ananitajia: nani alipiga rithim, nani besi, nani aliendesha gari la vyombo, nani alipaka rangi ile. Majina mengine yanakuja nusu, mengine ni lakabu tupu. Naandika hivyo hivyo. Tumefika ukurasa wa 31.

Nanyi wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, mnaohangaika kutafuta visa vya mbali, kila mtaa una mzee aliyewahi kupiga chombo. Mwendeeni na kalamu. Msimwulize nyimbo tu, mwulizeni na nani alikuwa akimtengenezea. Na mwende wiki hii, maana Mjomba jana alisahau jina la mpiga tumba wake.