Njia Iliyofungwa

Kosa la mkubwa halikosi mdogo wa kulibeba. Hilo nililijua tangu utoto, ila sikudhani kuwa siku moja mkubwa huyo ningekuwa mimi.

Mwaka 2022 nilikuwa fundi wa mtandao wa kompyuta katika ofisi moja mjini Kahama, mwendo mfupi kutoka Buzwagi. Mgodi wa dhahabu uliofunguliwa huko mwaka 2009 ulikuwa umekoma kuzalisha mwaka 2021, na aliyekuwa na kazi aliishika kwa mikono miwili.

Asubuhi moja mtandao wote ulisimama. Taa za swichi zilimetameta bila kupumzika, lakini hakuna ujumbe uliofika. Baada ya kuhangaika saa tatu nikaona chanzo: waya mmoja uliochomekwa ukutani ncha zote mbili. Tarishi wetu, mzee aliyekaribia kustaafu, aliukuta umelala sakafuni akauchomeka ili usimkwaze mtu. Alipewa barua ya kujieleza.

Ndugu msomaji, ujumbe wa matangazo baina ya swichi hauna ukomo wa umri. Ukipata duara huzunguka na kuongezeka mpaka njia zote zijae. Ili kuzuia balaa hilo, mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa Marekani, alibuni utaratibu uitwao spaningi-trii. Swichi huchagua mojawapo kuwa mzizi, kisha hufunga kila njia ya ziada, yakabaki matawi yasiyofanya duara. Njia iliyofungwa haitupwi. Iliyo wazi ikikatika, ile hufunguliwa.

Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Mgeni akiyaona hudhani ni uchoyo.

Nami nilikuwa mgeni wa namna hiyo. Utaratibu ule wa zamani hungoja sekunde 30 kabla ya kufungua mlango mpya, na watu walinung'unika. Badala ya kuziambia swichi kuwa milango ya mezani ni ya kompyuta tu, niliuzima utaratibu wote. Waya wa mzee ulikuwa njiti. Nyasi kavu niliziweka mimi.

Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta barazani, barua mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niandikie majibu. Sema nilikosa, ila sikujua."

Kalamu niliishika, lakini neno "nilikosa" niliweza kuliandika kwa jina langu tu. Nikaipeleka karatasi ile kwa meneja. Nilipewa onyo, na barua ya mzee ikafutwa.

Usiku ule nilirudisha utaratibu. Mzizi niliuchagua mwenyewe: swichi ya kabati kuu niliipa namba 4096 badala ya 32768 iliyokuja nayo, maana namba ndogo ndiyo hushinda. Kisha nikatenga vilani tatu, yaani mitandao midogo ndani ya swichi zile zile: ya hesabu, ya simu na ya wageni, ili mgeni asichungulie mambo ya fedha.

Mtandao haukusimama tena namna ile. Lakini kila nipitapo kando ya ngitili huzikumbuka siku zile mbili. Njia ya kusema kweli ilikuwapo; niliifunga mimi, wala sikuwa nikiiwekea kiangazi.