Usiku wa Karoo

Ukikaa na watu wanaopenda kutazama nyota, hutachelewa kusikia majina yale yale: jangwa la Atacama nchini Chile, kilele cha Mauna Kea huko Hawaii, La Palma katika Visiwa vya Kanari ambako Hispania ilipitisha sheria ya kulinda anga mwaka 1988, hifadhi ya NamibRand nchini Namibia. Kwa mwalimu wa Jiografia wa Tanga, mengi ya majina hayo ni ya kusomea vitabuni. Sutherland ndiyo niliyoiona inafikika. Iko Afrika Kusini, Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi, na ukitoka Cape Town asubuhi kwa gari, alasiri umefika. Nikaweka akiba, nikangoja likizo ya katikati ya mwaka, nikachagua siku kwa kalenda ya mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, hata jangwani utaona nyota chache tu.

Barabara ya N1 inakutoa mjini, inapita mashamba ya mizabibu ya Paarl, inazama katika handaki la Huguenot lenye urefu wa karibu kilomita nne, kisha inaingia bonde la Mto Hex. Baada ya bonde hilo kijani kinakatika ghafla. Kule Matjiesfontein, kituo kidogo cha reli kilichobaki na sura ya enzi za Malkia Victoria, unaiacha N1 na kushika R354 kuelekea kaskazini. Hapo zimebaki kilomita kama 110, na zote ni Karoo: vichaka vifupi vya kijivu, mawe, kondoo, pampu za upepo zikivuta maji ya visima. Mwishoni barabara inapanda ukingo wa Roggeveld kwa njia ya milimani iitwayo Verlatenkloof, na ukifika juu unakuta uwanda mpana, mkavu, wenye upepo usio na pa kuzuiwa.

Ukavu huo na mwinuko huo ndivyo vinavyotafutwa. Sisi wa pwani tunatazama nyota kupitia hewa nzito ya bahari. Mwanga uliosafiri miaka elfu unapindapinda na kufifia katika kilomita chache za mwisho. Karoo hewa ni nyembamba na mvuke wake ni kidogo. Na mji wenyewe ni mdogo sana: kanisa, maduka machache, nyumba za wageni. Baridi yake ni ya kuheshimiwa. Mwezi Julai maji ya ndoo huganda nje, na mama mwenye nyumba niliyofikia, kabla hata sijaweka begi chini, alinitazama koti langu na kwenda kuniletea jingine la mumewe.

Kituo cha wageni cha SAAO, taasisi ya astronomia ya Afrika Kusini, kiko kilomita kama 15 nje ya mji. Ziara ya usiku haiwapandishi watu mlimani ziliko darubini za utafiti, kwa sababu taa za gari moja zinatosha kuvuruga kazi. Wageni hubaki chini, kwenye darubini zilizowekwa kwa ajili yao. Kijana aliyetuongoza alituomba tuzime simu na tuyaache macho yazoee giza, jambo linalochukua nusu saa hivi. Mwanga pekee ulioruhusiwa ulikuwa wa tochi nyekundu, kwa kuwa wekundu hauyapotezi macho yaliyokwisha kuzoea.

Alianza na Rijili Kantori, ambayo vitabu vya kisayansi huiita Alpha Centauri. Kwa macho ni nyota moja, kali, jirani wa Msalaba wa Kusini. Kwenye darubini iligawanyika mbele yangu ikawa mbili, zote za rangi ya dhahabu, zimekaribiana. Kwa muda mrefu nimewafundisha watoto kwamba iko umbali wa miaka nuru 4.3 hivi. Pale, jicho likiwa kwenye lenzi, nilipiga hesabu: mwanga ule uliondoka huko wakati wanafunzi wangu wa kidato cha nne wa sasa wakiwa darasa la saba. Na umbali huo ulipimwa kwanza kutoka upande huu wa dunia. Thomas Henderson aliiangalia nyota hiyo kutoka Cape Town mwaka 1832 na 1833, akafuatilia kusogea kwake kidogo sana kadiri dunia inavyolizunguka jua, ingawa majibu yake aliyachapisha mwaka 1839, mtu mwingine akiwa ameshatangulia kutangaza umbali wa nyota nyingine.

Kisha akatuonyesha Omega Centauri. Naikumbuka zaidi kuliko kitu chochote nilichokiona kwa lenzi. Bila darubini ni doa la ukungu unaloweza kulipita. Ndani ya darubini ni fundo la nyota, nyingi kiasi kwamba katikati haziachani, na pembezoni zinatawanyika moja moja hadi zinaisha gizani. Inakadiriwa kuwa nyota milioni 10, kwa umbali wa miaka nuru 17,000 hivi. Bibi mmoja wa Kiafrikana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni aliinama, akatazama, akanyamaza, halafu akamwita mjukuu wake aje haraka.

Lakini yapata saa tano usiku niliondoka kwenye foleni na kuinua uso. Sutherland iko latitudo ya kusini ya digrii 32, na kitovu cha Njia Nyeupe, upande wa Nge na Mshale, hupita karibu kabisa na utosi. Tanga nako hupanda juu vya kutosha. Tunakosa giza tu. Hapa mkanda ule ulivuka anga kutoka upeo hadi upeo, na haukuwa mweupe tu. Ulikuwa na uvimbe katikati, kingo zilizochanika, na mapande meusi yanayokata ndani yake. Mapande hayo ni mawingu ya vumbi yanayoziba nyota zilizo nyuma yake. Kwa hiyo hata weusi ule ni kitu. Watu wa /Xam, Wasan waliokaa Karoo kabla ya wote, walisimulia kwamba msichana mmoja alirusha majivu ya moto angani ili watu waone njia ya kurudi nyumbani usiku. Simulizi hilo liliandikwa na Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd katika miaka ya 1870. Nikiwa chini ya anga ile sikuona ajabu kwamba mtu alifikiria majivu. Rangi ni hiyo hiyo.

Sikulala sana. Saa kumi alfajiri nilitoka tena, nyuma ya nyumba ya wageni, ambako taa ya kibarazani ilikuwa imefunikwa kwa juu ili imulike sakafu peke yake. Kusini yalikuwa yamepanda Mawingu ya Magellan, mawili, kama vipande vilivyomeguka kutoka Njia Nyeupe. Pwani sikuwahi kuyapata, kwa ukungu na taa za mji. Hayo ni magalaksi kamili. Lile kubwa liko umbali wa miaka nuru 160,000 hivi, na ndani yake Februari 1987 nyota ililipuka ikaonekana kwa macho matupu. Kusini mashariki Suheli, nyota ya mabaharia wetu, ilikuwa juu ya mabati ya jirani. Kaskazini mashariki Kilimia kilikuwa kinachomoza. Baridi ilinifukuza ndani mara kwa mara. Nikipata joto kidogo, natoka tena.

Mchana tulipandishwa mlimani, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kuiona SALT, darubini kuu iliyozinduliwa mwaka 2005 na Afrika Kusini pamoja na washirika wake, wakiwemo Poland na India. Kioo chake si kimoja. Ni vipande 91 vyenye pembe sita, kila kimoja kama mita moja, vikipangwa kwa usahihi mkubwa mpaka vifanye kazi kama kioo kimoja chenye upana wa mita 11 hivi. Mwaka 2017, nyota mbili za nyutroni zilipogongana na mitetemo ya mvutano wake kunaswa duniani, SALT ilikuwa miongoni mwa darubini za kwanza kuuchambua mwanga wa mgongano huo.

Watu husema Sutherland kuna giza kwa sababu hakuna watu. Hiyo ni nusu ya maelezo. Kituo cha Cape Town kilianzishwa mwaka 1820, mji ukakua ukakizunguka kwa taa. Mwaka 1972 vituo vya Cape Town na Johannesburg viliunganishwa, kazi ya kutazama ikahamishiwa Karoo; hata darubini ya mita 1.9 iliyokuwa Pretoria ilifunguliwa na kuletwa huku mwaka 1974. Na mwaka 2007 Bunge likatunga sheria inayowezesha kutangazwa maeneo ya kulindwa dhidi ya mwanga na mawimbi ya redio. Giza lile limelindwa kwa makusudi, kama nchi nyingine inavyolinda chanzo cha maji, na hilo ndilo ninalotaka viongozi wetu walione kabla taa hazijafika Ziwa Natron.

Anayetaka kwenda aweke nafasi ya ziara mapema, achukue usiku wa mwezi mwandamo, na avae mara mbili ya anavyodhani. Julai ni kwa ajili ya kitovu cha Njia Nyeupe. Machi, mapema usiku, Suheli na Wingu Kubwa la Magellan huwa juu sana, na baridi bado haijaingia. Mimi nimeanza kuweka akiba ya Machi.