Ukiwa Dubai ya Zamani, Tazama Juu

Ukishuka kituo cha metro cha Al Ghubaiba ukaelekea majini, baada ya dakika chache unafika Shindagha, mtaa wa nyumba za zamani kwenye mdomo wa Khor, ule mkono wa bahari unaoigawa Dubai kati ya Bur Dubai na Deira. Wageni wengi hupiga picha minara ya upepo, hununua maji baridi na kuondoka. Mimi nakuomba, ndugu msomaji, uingie ndani na utazame dari.

Anza na nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum, iliyojengwa mwaka 1896. Juu ya kichwa chako utaona miti ya mviringo, ya rangi ya kahawia iliyokolea, imelazwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake kuna mikeka ya makuti ya mtende, na juu ya mikeka udongo ulioshindiliwa. Aliyewahi kulala katika nyumba ya mawe Lamu, Mombasa au Unguja hahitaji kuambiwa ni nini. Ni boriti. Wenyeji wa hapa huziita chandal, na vibao vya maelezo husema tu kwamba ni mbao kutoka Afrika Mashariki, kama vile Afrika Mashariki ni duka moja la mbao.

Nilikwenda na mtoto wa kaka yangu, binti wa miaka tisa aliyezaliwa huku huku. Tulipotoka chumba cha tatu aliniuliza, "Shangazi, mbona vyumba vyote ni virefu halafu vyembamba?" Swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kutoka kwa watalii. Nikamwambia apime kwa hatua zake. Kila chumba, upana ulikuwa karibu ule ule, mita tatu na kidogo. Sababu iko juu: boriti nzuri iliyonyooka haipatikani kwa urefu mkubwa zaidi ya hapo, na lazima ncha zake ziingie ukutani pande zote mbili. Fundi angeweza kuurefusha ukumbi atakavyo, lakini kuupanua hakuweza. Tajiri na maskini walilala katika upana uliopangwa na mti wa matopeni. Nyumba za zamani za Lamu nazo zina vyumba vya umbo hilo hilo, kwa sababu hiyo hiyo.

Mti wenyewe ni mkoko, ingawa katika biashara ya boriti waliingia pia jamaa zake, mkandaa na muia. Huota kwenye matope yanayofunikwa na maji ya chumvi kila bamvua, hukua polepole, na ubao wake huwa mgumu na mzito kiasi kwamba gogo bichi la mkoko likitupwa majini huzama. Magome yake yamejaa ule utomvu mwekundu uliotumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Mchwa hawaupendi. Ukikatwa, ukakauka na kukaa mahali pasipovuja, unaweza kubeba paa la udongo miaka mia na zaidi. Wakataji wa Lamu hawakuita kila kipande boriti: vyembamba kabisa ni fito, vinavyofuata pau, kisha mazio, halafu boriti zenyewe, na vinene kupita hivyo ni nguzo. Zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini.

Lakini mikoko si ipo hata huku? Ipo, ila ni ya aina moja tu, ile ambayo Lamu huitwa mtu na kwingine mchu. Shina lake hupinda na kugawanyika mapema, halitoi mti mmoja ulionyooka wa mita tatu. Ngamia huyala majani yake, watu walipikia kuni zake. Mtende nao ulitumika kwenye paa, ila ni laini, una nyuzi nyuzi, na mchwa huufurahia. Kwa hiyo pwani nzima ya Ghuba, kuanzia Oman hadi Kuwait, iliezekwa kwa miti iliyosafiri zaidi ya maili elfu mbili.

Ilisafiri kwa pepo. Majahazi yaliteremka na kaskazi yakileta tende na chumvi, yakakaa Mombasa, Lamu na Unguja, kisha yakaingia kwenye vijito vya Lamu au delta ya Rufiji kupakia, na kurudi na kusi. Mwaka 1939 baharia Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, alikuwa ndani ya jahazi moja la Kuwait, nahodha wake Ali bin Nasr al-Nejdi, lilipopakia boriti Rufiji. Aliyoyaandika kuhusu safari hiyo yalitoka mwaka uliofuata, na kazi anayoieleza si ya kuonea fahari: watu wako matopeni mpaka mapajani, katikati ya mbu na joto, wakibeba miti mmoja mmoja. Na tukizungumza na watoto kuhusu majahazi haya tusiishie kwenye tende na boriti. Katika karne ya 19 njia hiyo hiyo ilipitisha watu wetu waliouzwa, na wajukuu wa wajukuu zao ni raia wa nchi hizi leo.

Kutoka Shindagha tembea kandokando ya Khor, upite soko la vitambaa, hadi Al Fahidi, mtaa ambao wazee bado wanauita Bastakiya kwa jina la wafanyabiashara waliotoka Bastak, Uajemi. Sehemu kubwa ya mtaa huu ilibomolewa miaka ya 1980, kilichobaki kikatengenezwa upya. Hapa ndipo minara ya upepo ilipo mingi zaidi. Ona ncha za miti zinazochomoza nje ya minara. Watoto hudhani ni mapambo. Miti hiyo hupita ndani kwa ndani ikiushika mnara usipasuke, na ncha zikaachwa nje ili fundi apate pa kukanyaga wakati wa kukarabati. Binti yetu alihesabu ncha za mnara mmoja, akasema ni korija moja na zaidi. Neno alikuwa amelipata saa moja tu kabla.

Biashara ilikufa pande zote mbili. Dubai ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1969, zikaja saruji na nondo, na chumba kikawa na upana wowote mwenye nyumba anaoutaka. Kenya nayo ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, kwa sababu mikoko ilikuwa inakwisha. Naona walifanya sawa, ingawa familia nyingi za Lamu zilizoishi kwa shoka zilipata shida. Siku hizi kule Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalipwa kwa kuiacha miti isimame: wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, na fedha zimeleta maji na vitabu vya shule.

Ukitaka kufanya ziara hii nenda kati ya Novemba na Machi, asubuhi au baada ya alasiri. Julai utawatesa watoto bure. Kuvuka Khor kwa abra ni dirhamu moja, na ng'ambo ya Deira bado utaona majahazi yamefungwa ubavu kwa ubavu, yamejaa majokofu na matairi.

Sisi tulimalizia Ras Al Khor, mwisho wa mkono wa bahari, ambako serikali inalinda mikoko na maelfu ya heroe hushuka wakati wa baridi. Kuna vibanda vya kutazamia ndege. Binti aliwaacha ndege, akanyoosha kidole kwenye vichaka vya kijani vilivyopinda akauliza jina.

"Kwa Kiamu unaitwa mtu," nikamwambia.

"Mti unaitwa mtu?"

"Ndiyo."

"Na wakiwa wengi? Watu?"

"Mitu," nikasema, naye akacheka mpaka mzee aliyekuwa na darubini akageuka.