Wosia kwa Mjukuu Wangu Aliyeko Mbale

Walukuba, Jinja

Mjukuu wangu,

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu utaniitikia "ndiyo, babu" kabla sijamaliza, nami nataka maneno haya uyasome na mkeo, myazungumze wawili. Mwezi huu nahama. Moyo umechoka, daktari ametaka nikae karibu na hospitali, na shangazi yako amenitengea chumba kwake Kampala, juu ghorofani. Sitarajii kurudi Walukuba. Vitu vyangu vichache nimevigawa: saa ya ukutani ni ya kaka yako, baiskeli amepewa kijana wa jirani. Wewe nakuachia kiumbe mwenye uhai, na kwa hiyo sikuachii bila kukuomba kwanza.

Yupo mbwa jike katika ua wa yule daktari wa mifugo mstaafu, anayewahifadhi mbwa waliookotwa. Tunamwita Posho, kwa weupe wake uliofifia na kwa ugali huo wa mahindi anaoupenda. Aliokotwa Masese, pale mwaloni wanapoanika dagaa wa mukene, akiishi kwa makombo ya wavuvi. Kwa kuyatazama meno, daktari alimkisia miaka mitatu. Ncha ya sikio la kushoto imekatika. Amechanjwa, amefungwa kizazi, ametolewa kupe na minyoo. Watu wanaokuja kutafuta mbwa humpita wakaenda kwa watoto wa mbwa, au huuliza, yupi hapa ni mkali? Posho si mkali. Akimwona mtu getini anainuka, anatikisa mkia mpaka kiuno chote kinacheza, kisha analaza kidevu chake gotini kwa mgeni na kutulia. Wanacheka, wanampapasa, wanaondoka na mwingine.

Upole huo una asili yake. Wachunguzi wa tabia za mbwa wanajua tangu zamani kwamba mtoto wa mbwa ana majuma machache, kuanzia la tatu hivi hadi la kumi na mbili au kumi na nne, anapojifunza nani wa kumwamini na nani wa kumkimbia. Asiposhikwa na mkono wa mtu katika majuma hayo, mara nyingi ataishi akijitenga na watu hata umlishe nyama kila jioni. Basi Posho alishikwa. Kabla ya Masese palikuwa na nyumba, pengine na mtoto aliyembeba kifuani, halafu watu wakahama, au posho ya ndani ikawa haitoshi, na mbwa akawa wa kwanza kupunguzwa mezani. Mbwa koko akikujia barabarani huku mkia unacheza, ujue kuna mtu alimpenda, na kuna mtu alimwacha. Huenda ni huyo huyo mmoja.

Mimi niliyaona haya kwa wingi mwaka 1972. Nilikuwa kijana. Mwezi wa nane Rais Idi Amin alitoa amri, Wahindi wakapewa siku 90 waondoke Uganda, na Jinja, mji ambao maduka na viwanda vyake vingi vilikuwa vyao, ukaanza kufungwa mlango mmoja baada ya mwingine. Mengi yamesimuliwa kuhusu nyumba na mali. Mimi nakumbuka mbwa waliobaki kwenye ngazi za nyumba zile za upande wa ziwani. Waliokuwa wakali waliingia vichakani wakajitafutia. Wapole walikimbilia kila gari lililopunguza mwendo, wakidhani mwenyewe amerudi. Magari yakawamaliza.

Tangu wakati ule nimekuwa nikiona jambo hilo hilo likijirudia. Katika miji yetu mingi, hofu ya kichaa cha mbwa ikipanda, hutupwa nyama yenye sumu usiku. Fikiri, ni mbwa yupi anayekula kwanza? Mwoga hunusa akarudi nyuma. Aliyezoea kwamba mkono wa mtu huleta chakula huja mbio. Tunawaua wanaotuamini na kubakiza wanaotuogopa, kisha tunalalamika kwamba mbwa wa mitaani ni wabaya. Na nafasi ya waliokufa hujazwa upesi na wengine kutoka vijijini, ambao sindano ya chanjo hawajaionja.

Sisemi kwamba hofu ile ni ya bure. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona. Lakini Shirika la Afya Duniani limekwisha sema kinachouzuia ugonjwa huu: chanja mbwa 70 katika kila 100, na maambukizi yatakatika. Mbwa mpole ndiye rahisi kuchanjwa, kwa kuwa anasimama ukamshika. Kila mpole tunayemuua ni mbwa mmoja aliyekuwa tayari upande wetu. Nawe umfundishe mwanao mapema: akiumwa na mbwa yeyote, hata awe wa nyumbani, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo, bila kungojea kuona mbwa atakuwaje. Mbwa asiyemjua akimkaribia, asikimbie. Asimame tuli.

Najua swali ambalo mkeo ataliuliza, na ni swali la haki. Tumelelewa na methali kwamba ukicheza na mbwa atakufuata hadi msikitini, na sisi wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa tunayahesabu najisi. Sikuombi ulegeze chochote. Posho hatalala chumbani mwenu. Atakuwa na kibanda chake uani na bakuli lake peke yake, na chombo chenu akikilamba kitaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyofundishwa. Ila twahara ni jambo moja na huruma ni jambo jingine. Umesoma Chuo Kikuu cha Kiislamu pale pale Mbale, sina haja ya kukusomesha Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Wala habari za vijana wa pangoni katika Sura ya Kahf, ambao Mola alipowataja alimtaja na mbwa wao pale kizingitini. Nimewasikia watu wakiitumia dini kama fimbo ya kumpigia mbwa, na jambo hilo huniumiza.

Ukimdharau Posho kwa kuwa ni koko, basi sikiliza ya Gulu. Yupo bwana mmoja wa huko, Francis Okello Oloya, aliyepofuka akiwa na miaka 12 baada ya bomu lililofukiwa ardhini kumlipukia akilima shamba la familia. Shuleni, akitoka gizani kwenda chooni, mbwa walikuwa wakimsindikiza. Alipokua alianzisha mradi unaowachukua mbwa wa mitaani, wakachanjwa na kufungwa kizazi, wakafunzwa, kisha kila mmoja akapewa mtu aliyejeruhiwa rohoni na vita vya kaskazini. Mbwa wale wale wa kupigwa mawe. Kilichotafutwa kwao ni hiki ambacho Posho analaumiwa nacho: kutulia karibu na mtu.

Sasa ya nyumbani. Ua wenu wa Namakwekwe una geti, hilo ndilo jambo kubwa. Kibanda kiinuliwe kutoka chini na kielekezwe mbali na upande wa mvua, maana mvua za Mlima Wanale hazina salamu. Usimfunge mnyororo mchana kutwa, mbwa wa mnyororo huharibika akili. Mlishe posho na mukene, maji yasikauke bakulini. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, huvunjika vipande vikali vikamchoma tumboni. Chanjo irudiwe kila mwaka, kadi yake anayo daktari wa mifugo, naye Posho atakuja nayo. Siku za kwanza atalia usiku, na hatakula vizuri. Msimpigie kelele. Usimruhusu atoke getini mpaka aijue sauti yako, kwa sababu atamfuata yeyote atakayemwita, na huo ndio udhaifu wake wote. Wezi? Atabweka. Mbwa mpole naye ana masikio.

Dereva wa pikapu aliyekuletea barua hii atarudi Jinja Jumamosi. Mpe jibu. Kama mkeo hataki, sema hataki, sitakasirika. Mbwa aliyechukuliwa shingo upande huishia barabarani tena, na mimi nataka awe na mlango kabla sijaondoka, hata kama si mlango wako. Kama mmekubali, mpe dereva gunia kuukuu au nguo mliyoitumia hapo nyumbani, alilalie njia nzima, kupitia Iganga na Tirinyi, afike akiwa ameshaizoea harufu yenu. Nauli ya safari yake nimeshailipa.

Babu yako