Nani Atambeba Mama Saa Nane Usiku Huko Shagz?

Wasee wa Nairobi tukifika shagz Desemba, kitu cha kwanza kulalamikia ni boda. "Kwani huku hakuna Uber?" Tunacheka, tunalipa mia tatu kwa safari ambayo shosh hulipa mia, tunapiga selfi na mbuzi, na kufikia Januari tumesahau. Waliobaki huko hawawezi kusahau. Wanapanda hizo hizo boda miezi mingine yote kumi na mmoja.

Mimi naona hivi: shida ya usafiri kijijini si kukosa pikipiki. Pikipiki zimejaa, steji moja unapata vijana ishirini wamelala juu ya tangi wakingoja mteja. Shida ni kwamba hakuna kitu unachoweza kujua mapema. Hujui bei, hujui saa, hujui kama mtu atakuja. Na hayo hayatengenezwi na kampuni yenye ofisi Westlands. Yanatengenezwa pale pale stejini, au hayatengenezwi kabisa.

Kwanza boda boda yenyewe haikutoka Nairobi. Ilianza miaka ya 1960 kule Busia, mpakani na Uganda, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, boda hadi boda, na jina likabaki. Watu wa mashambani walijitengenezea usafiri wao. Sioni kwa nini wasiweze kuutengeneza tena.

Kwetu ni upande wa Kakamega, kama kilomita saba kutoka lami. Mchana hiyo safari ni mia moja. Mvua ikinyesha ni mia mbili, na hapo sina ugomvi na mtu, maana ule udongo ukilowa jamaa anasukuma pikipiki nusu ya njia. Lakini ikishapita saa nne usiku, bei ni ile mwenye pikipiki ataisoma usoni mwako. Mwaka jana jirani yetu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Bwanake alipiga simu tano. Wawili walikuwa wamezima. Mmoja akasema hana petroli. Wa nne akataka elfu moja mia tano, na akataka aione kabla hajawasha injini. Wa tano akaja kwa mia tano. Mtoto alizaliwa salama, yuko poa, sasa anatambaa. Lakini hebu fikiria kama yule wa tano pia angekuwa amezima simu.

Ni rahisi kusema hao wanaume hawana utu. Kaa nao stejini siku moja kwanza. Wengi pikipiki si yao, na jioni lazima wapeleke hesabu kwa mwenyewe, au walipe mkopo wa kila siku. Akikubeba saa nane usiku, atarudi peke yake kwenye barabara isiyo na taa, na wezi wa pikipiki wanajua hiyo barabara vizuri kuliko yeye. Halafu kuna wale wakifika hospitalini wanasema "nitakutumia na M-Pesa kesho." Kesho inakuwa mwezi ujao. Anayezima simu amepiga hesabu, na kusema ukweli hesabu yake iko sawa.

Kwa hivyo badilisha hesabu. Tanzania wana mpango unaoitwa m-mama. Mjamzito akiwa na dharura, familia inapiga 115 bure, na kama hakuna ambulensi karibu, anaitwa dereva wa kawaida wa pale kijijini aliyesajiliwa mapema. Bei inafuata umbali. Akimfikisha mama hospitalini, pesa inaingia kwenye simu yake. Mama habishani na mtu barabarani, dereva hadanganywi. Mpango umeanza kuingia Kenya pia, lakini kusubiri ufike kila kijiji ni kusubiri sana, na pia kuna mzee mwenye pumu na mtoto aliyeumwa na nyoka, ambao nao wanahitaji kufika.

(Probox ni stori yake. Dereva anagawana kiti na abiria, watoto wako buti, na kila kizuizi cha polisi kina kitu chake kidogo. Ningependa kuona hizo gari zikipewa leseni ya watu wanaotosha, na ile pesa ya barabarani ilipe bima. Lakini tuendelee.)

Agosti nilikaa kwenye mkutano wa steji yetu. Mwenyekiti alikuwa na daftari la shule, na wazo lake lilinipendeza kuliko apu yoyote niliyowahi kupakua: waendeshaji wawili wa zamu kila usiku, namba zao zibandikwe dukani, kanisani na kwenye kituo cha afya. Kila mwanachama atoe shilingi ishirini kwa siku, na huo mfuko uwalipe wa zamu hata kama hakuna aliyepiga simu. Familia ikichelewa kulipa, mfuko unamlipa mwendeshaji kwanza, halafu steji nzima ndiyo inadai. Kukwepa deni la mtu mmoja ni rahisi. Jaribu kukwepa deni la pikipiki ishirini zinazopita mbele ya boma lako kila siku.

Vijana walikubali zamu haraka. Vita vilianza kwenye kibao cha bei. Wazee wawili walikataa kabisa isiandikwe kwa rangi, kwa sababu EPRA hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi na rangi haifutiki. Ilichukua karibu saa nzima mpaka mtu akasema, si tutumie chaki?

Ubao umenunuliwa. Bei ya mchana na ya mvua zishaandikwa. Ya usiku bado: mwenyekiti anataka mia tatu, vijana wanataka mia nne, na mkutano ujao nimeomba waite akina mama wa kijiji, maana kwenye ule wa Agosti hakukuwa na hata mmoja.