Ajali Haina Kinga?

Miongoni mwa methali zinazosikika sana katika matanga yetu ni ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Masika yawadiapo na gari likateleza hadi bondeni, waombolezaji hujiliwaza kwayo. Nami, nikiwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, naitambua kazi yake ya kufariji. Hata hivyo, nililelewa katika vilima vya Kericho, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la majani chai. Wakati wa likizo nilizoea kuketi kando yake, na niliyojifunza humo yananizuia kuikubali methali hiyo bila kuihoji.

Waama, gari haliteleji bila sababu. Kila tairi hugusa ardhi kwa sehemu ndogo tu, takriban upana wa kiganja. Maji, tope au mafuta yakipenya hapo, mshiko hupungua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni hatari zaidi, kwani vumbi na mafuta yaliyodondoka juu ya lami huchanganyika na maji kabla ya kuoshwa. Isitoshe, mwendo ukizidishwa maradufu, masafa ya kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 ziliyawekea matatu kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Lakini kidhibiti mwendo hakijui iwapo barabara imelowa. Kujua hilo ni wajibu wa dereva.

Gari likianza kuteleza, aghalabu mguu hukimbilia breki. Hapo ndipo maafa huanza, kwa sababu gurudumu lililokwama haliwezi kuelekeza gari. Mjomba alinifunza kuondoa mguu kwenye mafuta taratibu na kutazama ninakotaka kwenda, wala si mtaroni. Mkia wa gari ukikimbilia kushoto, usukani nao hupelekwa kushoto kwa upole, kisha hunyooshwa mara gari linapotii. Yakiteleza magurudumu ya mbele, kuzidi kukata kona hakufai. Heri kulegeza usukani kidogo hadi mshiko urejee. Ama magari yenye mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama, breki zake hukanyagwa kwa nguvu bila kuachiliwa.

"Mpwa wangu," alizoea kuniambia, "gia ya mteremko huchaguliwa ukiwa bado juu." Kinga, basi, hutangulia safari: matairi yenye meno, mwendo wa pole, na nafasi ya sekunde zisizopungua nne nyuma ya gari lililo mbele.

Nimewahi kumzika rafiki niliyesoma naye shule ya upili. Matatu iliyomwangamiza ilikuwa na matairi yenye upara, na kila abiria wa njia ile alilijua hilo. Siku ya mazishi, mwenye gari alisimama mbele ya jeneza akatukumbusha kwamba ajali haina kinga. Tuliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyemuuliza habari za matairi.

Lugha yetu haikosi methali za kumjibu: tahadhari kabla ya hatari, kinga ni bora kuliko tiba. Tunapofundisha methali madarasani, tusikomee kwenye maana na matumizi. Tuulize pia ni nani anayeitamka, na anaitamka ili kuficha nini.